Safu ya Mwisho ya Daftari la Mvua

Nianze na mama yangu, maana yeye ndiye aliyenitia kwenye jambo hili. Masika ya mwaka juzi aliteleza kwenye yale magogo mawili tunayoyaita daraja, akavunjika mkono, na kapu zima la karoti likaenda na maji. Mkono ulipona, ila umepinda kidogo kwenye kiwiko, na kila akinipigia simu hakosi kuutaja. Kijiji chetu kiko upande wa Shume, na mto umekikata vipande viwili. Huku kuna nyumba ya mama na mashamba. Ng'ambo kuna shule, zahanati, kanisa, msikiti na barabara ya kushukia Lushoto mjini. Mama ana binti mhandisi, na binti huyo yuko ofisini hapo hapo Lushoto. Kwa hiyo kwa mawazo ya mama, daraja lilitakiwa liwepo tangu siku niliyovaa joho.

Hatimaye daraja likakubaliwa, la watu wa miguu na pikipiki. Mchoro ulikuwapo tayari, umechorwa na watu waliopita kabla yangu, na wanakijiji walishaanza msaragambo: kila Jumamosi wake kwa waume wanasomba mawe na kujenga kingo za pande mbili ambazo daraja lingekalia. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu, kuhakiki na kutia saini. Mchoro ulisema sakafu ya daraja ikae mita moja na nusu juu ya maji ya kawaida. Nikajiuliza swali ambalo ningejua litanifikisha wapi ningelimeza: hii mita moja na nusu imetoka wapi?

Maana daraja likikaa chini mno, mto ukijaa unalibeba. Na ukilibeba asubuhi ya siku ya gulio, unalibeba na mama zangu wote na makapu yao. Sikuwa na swali lingine duniani. Nilitaka kujua tu mto ule uliwahi kupanda mpaka wapi.

Nikafungua taarifa ya usanifu. Imeandikwa: kimo cha mafuriko kimechukuliwa kutoka taarifa ya awali. Haya, nikaitafuta taarifa ya awali siku tatu, nikaikuta imetumika kuegemezea dirisha lisijifunge. Imeandikwa: tazama upembuzi yakinifu. Nikautafuta upembuzi yakinifu. Jamani! Upembuzi yakinifu unasema takwimu zimetoka kwenye taarifa ya usanifu. Yaani watu wazima, wenye mihuri, wamekaa wakazungushana kama watoto wa ukuti ukuti, na katikati ya duara hakuna mtu.

Kiambatisho kimoja kilikuwa na mvua, tena mvua halisi iliyopimwa. Nikafurahi mpaka nikaona imepimwa wapi. Imepimwa Mnazi! Mnazi kule bondeni kwenye joto, ambako mtu akiona wingu anaita majirani waje walione. Mtu mmoja mahali fulani aliangalia ramani, akaona wilaya ni ile ile, akasema inatosha. Kwetu huku juu ukungu unaingia mpaka jikoni, nguo inakaa kambani siku nne na bado mbichi, halafu unipe mvua ya Mnazi nijengee daraja?

Nikaingia kwenye mtandao. Huko nikakuta kumbe milima yetu ina wasomi kuliko inavyo na viazi. Makala moja ilihusu bonde letu lenyewe, mto wetu wenyewe, nikauona na mkondo wake kwenye picha ndogo pale juu. Nikabonyeza. Ikaniambia niingie kwa jina la chuo changu. Sina chuo, nina ofisi. Nikarudi nyuma, nikabonyeza pengine, ikanipa ukurasa wa kwanza peke yake, unaosema kwamba eneo hili limesahauliwa na watafiti. Nikamwandikia mwandishi barua pepe ya adabu, nikajitambulisha kwamba nimezaliwa hatua mia tatu kutoka pale alipopiga picha. Nikajibiwa papo hapo na mashine kwamba yuko likizo. Mpaka leo yuko likizo.

Kitabu cha miongozo ya usanifu nacho kipo, kizuri tu, kina kanuni na majedwali. Unafuata hatua moja, mbili, tatu, unajiona umefika, halafu hatua ya nne inakwambia: hapa weka mvua kubwa kuliko zote ya siku moja kwa eneo husika. Lahaula! Si ndiyo hiyo ninayoitafuta?

Ofisini tulikuwa tunakaa wawili chumba kimoja, mimi na mwenzangu, mhandisi mtu mzima kama mimi, mzaliwa wa Vuga, makao ya wale wafalme wa zamani wa mvua, na wa Vuga hawakubali usahau. "Sisi mababu zetu mvua walikuwa wanaiagiza," akanicheka. "Nyie wa Shume ndio mnaitafuta kwenye kompyuta." Nikamwambia basi aagize na takwimu zake. Akachukua simu, akaiuliza akili mnemba. Ikajibu bila hata kushusha pumzi: ikatoa namba, ikatoa na jina la kitabu, na ukurasa. Tukakitafuta kile kitabu asubuhi nzima. Hakipo. Hakijawahi kuandikwa na mtu. Mwenzangu akaishika simu ile akaitazama kama ndugu aliyemwaibisha mbele ya wakwe, na mimi, kwa mara ya kwanza wiki ile, nikacheka.

Basi nikaandika barua Tanga mjini, kwenye ofisi yenye kumbukumbu za zamani za mvua, nikaomba vipimo vya kituo cha Shume. Kilikuwapo kituo, naam, tangu nikiwa mtoto, pale kwenye shamba la miti. Mzee mmoja mfanyakazi wa msitu ndiye aliyekuwa akisoma kipimamvua kila siku saa tatu asubuhi, mpaka alipostaafu na kituo kikafa. Nilisubiri, nikapiga simu, nikaambiwa aliyeshika faili ametoka kidogo. Alitoka kidogo wiki mbili. Mwisho wakanitumia jedwali, safi, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Nikamwonyesha mwenzangu nikijidai. Nikamwambia hii kazi naijua, nilishaifanya mwenyewe. Nikiwa chuo, kwenye mafunzo kwa vitendo, nilikaa miezi miwili Tanga kwenye joto la kuyeyusha mtu, tukiingiza madaftari ya mvua kwenye kompyuta. Tulikuwa wanafunzi watatu, tunaletewa madaftari kwa magunia, juu ya jalada kuna namba tu, hujui hili ni la wapi. Kila mmoja alipewa kalamu ya rangi yake awe anaweka alama ya vema kwenye kila mstari aliomaliza, ili msimamizi ajue nani kafanya nini. Mwenzangu mmoja alikuwa nyekundu, mwingine bluu, mimi kijani. Kazi ya kuchosha hakuna mfano, lakini ndiyo hiyo inayomfaa mtu baadaye.

Nikaenda moja kwa moja kwenye siku ninayoijua. Nilipokuwa kidato cha pili, siku ile ile ya kipaimara changu, mto wetu ulijaa ukabeba kinu cha kusagia na mbuzi wa watu, na ibada ikasogezwa mbele kwa kuwa mchungaji alikwama upande wa huku. Tarehe hiyo iko kwenye cheti changu, kilichokuwa kimeshaandikwa, mama amekitundika ukutani. Nikateremka na kidole kwenye jedwali mpaka siku ile. Kistari.

Si sifuri, si namba, ni kistari. Jana yake mvua ipo, kesho yake mvua ipo, siku yenyewe hakuna kitu. Nikaanza kutafuta vistari vingine. Kiangazi chote hakuna hata kimoja. Vimejazana Aprili, vimejazana Mei, vichache Novemba. Yaani siku ambazo mvua ilinyesha kweli kweli ndizo ambazo hazimo! Aliyetafuta mvua kubwa ya Shume asingeipata humu, na bila shaka ndiyo maana wakaiazima ya Mnazi.

Nilikasirika mpaka nikasikia joto masikioni. "Huyu mzee alikuwa anaogopa kulowa," nikamwambia mwenzangu. "Mvua ikiwa ndogo anatoka na mwavuli wake, anapima, anaandika kwa mwandiko mzuri. Ikiwa kubwa anajifunika blanketi. Na huyo mpuuzi aliyeingiza hizi data, hakuona? Hakujiuliza? Mtu anaweka kistari, kistari, kistari, kama anashona!" Mwenzangu akasema labda walikuwa na haraka. Nikamwambia haraka ya nani, mvua ilishanyesha zamani.

Kesho yake nikapanda Shume kumtafuta mzee. Nilimkuta amechuchumaa kwenye mfereji, suruali imekunjwa mpaka magotini, anaosha karoti za kupeleka sokoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza nimetoka ofisi gani na nimefuata nini.

"Nimestaafu," akasema, "na tangu nistaafu hajaja mtu wa ofisi yoyote hapa, hata kuniuliza kama niko hai. Leo umekuja. Subiri nimalize karoti."

Nikasubiri amalize karoti. Akamaliza, akazipanga kwenye gunia moja moja kama mayai. Ikaadhiniwa adhuhuri, akaenda kuswali. Akarudi, akaita chai. Mimi nimekaa na hasira yangu tumboni na kikombe mkononi, na mtu wa kule kwetu anajua huwezi kumrukia mzee kabla ya chai. Lakini nilipoweka kikombe chini nilimrukia, kwa adabu niliyobakiwa nayo. Nikamwambia mzee wangu, tunataka kujenga daraja, na siku zote za mvua kubwa hukupima.

Akanitazama. "Nani hakupima?"

"Kuna mapengo, mzee. Nimeyaona kwenye jedwali."

"Mimi?" akasema, na sasa alikuwa amesimama. "Nimesoma kile chombo nikiwa na homa. Nimekisoma siku ya Idi kabla sijavaa kanzu. Siku niliyomzika mama wa watoto wangu nilikisoma kwanza, ndipo nikaenda kaburini. Wewe binti unaniambia mimi sikupima?"

Akaingia ndani. Nikasikia kitu kizito kinaburutwa, akatoka na sanduku la bati. Ndani yake madaftari, yamepangwa kwa mwaka, na kati ya kila moja na jingine majani makavu ya mkaratusi ya kufukuzia wadudu. Nilishangaa, maana madaftari haya yalikuwa yanapelekwa Tanga. Akasema ndiyo, aliyapeleka. Kabla hajastaafu alishuka Tanga kwa shughuli zake, akapita ofisini, akayakuta kwenye gunia mlangoni. Wakamwambia yameshaingizwa kwenye kompyuta, hivyo yanakwenda kuchomwa moto. "Nikasema, mnachoma kazi yangu? Nikabeba gunia langu nikarudi nalo."

Nikamtajia tarehe ya kipaimara changu. Hakutafuta, aliweka mkono moja kwa moja. Akafungua, akanigeuzia ukurasa.

Penye safu ya kipimo, ile ya namba, palikuwa patupu. Lakini mstari ulikuwa unaendelea mpaka safu ya mwisho kabisa, ile nyembamba ya maelezo ambayo watu wengi huiacha wazi. Pale mzee alikuwa ameandika kwa herufi ndogo ndogo zilizobanana: "Chupa imejaa, na mkebe wa nje umejaa ukamwagika. Siwezi kuandika namba, itakuwa uongo. Nimeshuka mtoni. Maji yamepita juu ya jiwe la kuanikia nguo, kwa kimo cha mpini wa jembe."

Na pembeni ya mstari ule palikuwa na vema. Ya kijani.

Nilifungua ukurasa mwingine. Vema za kijani kutoka juu mpaka chini, zimelala kidogo kushoto, kama ninavyoziandika mpaka leo. Nikafungua daftari lingine. Za kijani. Aprili nyingine, kipimo kitupu, maelezo: "Imemwagika. Mto umefika katikati ya jiwe." Vema ya kijani. Nilikumbuka namna tulivyokuwa tunafanya: jicho kwenye safu ya namba, kidole kwenye kibonyezo, pasipo na namba weka kistari, weka vema, shuka. Kurasa zilikuwa maelfu. Tarehe ya kipaimara changu ilipita chini ya kidole changu na sikuiona.

Mzee alidhani nimeduwaa kwa sababu ameshinda. Akakaa, hasira zimemtoka, akaweka kidole chake juu ya ile alama. "Unajua, hii ndiyo iliyonipa moyo," akasema. "Niliandika miaka yote hiyo bila kujua kama kuna anayesoma. Niliporudi nayo nyumbani nikafungua, nikaona hizi alama za kijani, mstari kwa mstari, hata zile siku za kumwagika. Nikasema alhamdulillah, huko Tanga yupo mtu mmoja amesoma mpaka mwisho."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na simu mkononi tayari kupiga picha ukurasa, kushukuru, na kuondoka na jiwe langu na mpini wangu wa jembe.

"Mzee," nikasema, "hizo alama ni zangu. Mimi ndiye niliyeyaingiza. Nilikuwa mwanafunzi."

"Ulisoma, basi."

"Sikusoma. Nilikuwa natafuta namba tu. Ulipoandika maneno niliweka kistari."

Aliifuta ile alama kwa kidole kama itatoka. Kisha akalisukuma sanduku zima kwa mguu likaja mbele yangu.

"Basi leo soma," akasema, akaenda zake kwenye karoti.

Nilipindua ndoo nikaikalia, nikasoma. Nilisoma mpaka jua likahamia upande wa pili wa bonde. Wala si mvua tu, aliandika kila kitu kilichomzuia kuandika namba: siku tumbili walipoangusha chombo, siku ukungu ulipokuwa mzito akasoma mara tatu kwa kutojiamini. Na kila mto ulipojaa alikuwa ameshuka kuutazama, amepima kwa jiwe. Mara sita maji yalikuwa yamelifunika kabisa. Miezi miwili nilikuwa nazungukwa na taarifa zinazonukuliana, makala yenye kufuli, mashine yenye kujibu uongo, na kumbe kile ninachokitafuta nilishakishika mkononi nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikakiwekea vema.

Asubuhi nikamchukua mwenzangu tukaenda mtoni na vifaa vya kupimia. Jiwe liko pale pale, pana, jeusi, na siku ile lilikuwa na khanga mbili za watu juu yake. Tulipima kimo cha jiwe, tukaongeza mpini wa jembe. Ilikuwa zaidi ya mita mbili na nusu juu ya maji ya kawaida. Kwenye daraja la mchoro wetu, siku ile ya kipaimara, mtu wa kimo cha mama yangu angesimama maji yakiwa kifuani. Mwenzangu hakunitania tena habari za Vuga. Aliuliza tu, "Na ukingo wa upande huu wameshaumaliza?" Ulikuwa umemalizika Jumamosi iliyopita.

Ikabidi niitishe mkutano wa kijiji. Watu wakakaa kwenye nyasi kando ya ukingo wao mpya, walioujenga wenyewe wakausawazisha juu kwa saruji, wakaandika na mwaka. Nikawaambia lazima uinuliwe zaidi ya mita moja, na kwa kuwa unainuliwa lazima upanuliwe chini kwanza, kwa hiyo kipande cha mbele kinavunjwa. Nikaeleza kwa nini. Palizuka kelele. Baba mmoja aliyekuwa fundi mkuu wa mawe akasimama akauliza, "Injinia, mtueleze. Nani aliyekosea?"

Mwenzangu akaniinamia. "Sema ni kompyuta," akaninong'oneza. "Watakubali."

Nikasema ni mimi. Nikaeleza madaftari, nikaeleza kalamu. Mzee wa mvua alikuwa amekaa nyuma na fimbo yake, haniangalii, anaangalia mto.

Ndipo mama yangu akainuka. "Miezi miwili unahangaika," akasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "si ungeniuliza mimi? Jiwe lile naanikia nguo tangu niolewe. Nani hapa hajui maji yanalipita?" Wanawake wote wakaitikia, ndiyo, nani hajui. Nami hapo nikataka mto unichukue, maana ni kweli, nilikuwa nimewauliza watu wote wa dunia hii isipokuwa hawa. Mama akanyoosha mkono wake uliopinda akanionyesha kijiji kizima. "Haya. Jumamosi uje msaragambo. Uache viatu vya ofisini."

Jumamosi nilikwenda. Rundo jipya la mawe lilikuwa limemwagwa juu kwenye barabara, na njia ya kushukia mtoni ilikuwa na utelezi. Watu walikuwa wameshapanga mstari lakini hakuna aliyebeba, wamesimama tu wananitazama. Mama alikuwa ameshika ngata ya majani ya mgomba, ameisokota mwenyewe. Akanivua kofia ya kazi, akaniwekea ngata kichwani kwa ule mkono wake, akaibana isidondoke, akasema, "La kwanza ni lile pale."